Umetafuta weee hupati? Matatizo ya walimu na watafiti mtandaoni, dalili moja baada ya nyingine

Haya nimeyakusanya kutoka kwenye meseji ninazotumiwa. Mimi nafundisha fizikia sekondari halafu nikajitosa na masters ya elimu, kwa hiyo nipo pande zote mbili, asubuhi natafuta kitu cha kufundishia kipindi cha pili, usiku natafuta makala ya kujazia sura ya pili ya tasnifu. Kuna mwenzangu mmoja nilimsaidia akapata kitabu alichokitafuta wiki nzima, basi jina likasambaa, sasa kila anayekwama ananirushia skrinishoti saa nne usiku na maneno matatu tu, "mwalimu nisaidie hapa". Na ukizisoma zote utaona ni matatizo yaleyale saba nane yanazunguka.

Swali langu la kwanza kwa kila mtu ni hili: hicho kitu nani anakitengeneza? Ukishajua mwenye nacho, nusu ya kazi imeisha. Kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, zile za nadra zinafuata nyuma, kwa hiyo usirukie chini kabla hujajaribu za juu.

Dalili: unaandika vizuri kabisa, unaletewa uchafu

Unaandika "notes za biology form two", unapata kurasa zenye matangazo kumi na vitufe vinne vya kupakua ambavyo kimoja tu ndio cha kweli, vingine ukigusa unaambiwa simu yako ina virusi.

Sababu ya kwanza ni kwamba umeuliza sokoni wakati mwenye duka anajulikana. Tanzania bara vitabu vya kiada, mihtasari na miongozo ya mwalimu ni mali ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ile wengi tunaiita TIE, na wana maktaba mtandao yao ol.tie.go.tz. Mitihani na fomati zake ni NECTA, Baraza la Mitihani. Zanzibar wana Taasisi ya Elimu yao. Kenya mtaala ni KICD, mitihani ni KNEC. Sasa mtu anahangaika siku mbili kwenye blogu za watu wakati kitu kipo kwa mwenyewe, bure.

Jaribu hivi kwanza: kwenye Google andika neno lako, acha nafasi, kisha site:tie.go.tz au site:necta.go.tz, bila nafasi baada ya zile nukta mbili. Hapo Google inatafuta ndani ya tovuti hiyo peke yake. Ukiongeza filetype:pdf unabaki na mafaili tu. Hii kitu moja imewaokoa watu wengi kuliko ushauri wangu mwingine wote, na inachukua sekunde kumi kuandika.

Na mkishafika NECTA, jamani, someni zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, wenyewe wanaziita CIRA. Zipo somo kwa somo, swali kwa swali, zinasema wanafunzi walikosea wapi na kwa nini, na wanabandika kabisa kipande cha jibu zuri na kipande cha jibu bovu kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mimi nimefundisha miaka kadhaa sijui kama zipo! Niliposoma ya fizikia nikakuta kosa la vizio ambalo darasa langu linalifanya kila muhula, nikawa najiuliza siku zote hizo nilikuwa natafuta nini kwenye blogu.

Sababu ya pili, hii ni ya watafiti hasa, ni maneno. Kuna ndugu mmoja alikuwa anatafuta "poor performance in mathematics in Mtwara" anaambulia patupu, akahitimisha kwamba hakuna utafiti uliofanyika na akataka kuandika hivyohivyo kwenye pengo la utafiti. Ngoja kwanza! Tukaondoa Mtwara tukaweka Tanzania, "poor performance" tukabadilisha kuwa "mathematics achievement" kwa sababu ndivyo wenye fani wanavyoandika, zikashuka makala mpaka akaanza kulalamika kwamba ni nyingi. Kitu kimoja kina majina matano. Darasa lililojaa mwingine anaita "large classes", mwingine "overcrowded classrooms", mwingine "class size", mwingine "pupil-teacher ratio" ingawa hiyo ya mwisho ni kitu tofauti kidogo. Ukiingia ERIC, ile hifadhi ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyopo tangu miaka ya 1960, mna orodha ya istilahi zao, unaandika neno lako wanakuambia wao wanaliitaje. Dakika tano za pale zinakuokoa wiki.

Na usisahau kutafuta kwa Kiswahili. Ukiwa unafanya utafiti wa ufundishaji wa Kiswahili halafu unatafuta kwa Kiingereza tu unajinyima mwenyewe, kuna Kioo cha Lugha cha pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Swahili Forum ambayo ipo wazi kwa yeyote, na makala nyingi vichwa vyake ni vya Kiswahili.

Sababu ya tatu ni kwamba mtandao unadhani uko Marekani. Ukiandika "grade 8 science" utaletewa ya kwao. Ongeza jina la nchi, au "sub-Saharan Africa" kama ni utafiti. Kama wewe ni mkufunzi wa walimu pitia TESSA, mradi ulioanza 2005 ukiongozwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, vifaa vyao vimetengenezwa kwa madarasa yetu haya ya wanafunzi wengi na vifaa vichache, na vipo vya Kiswahili.

Acha kabisa, usiendelee, ukiona ukurasa unataka usakinishe programu ambayo haiko kwenye duka la kawaida la simu, au unaombwa pesa kwenda namba ya mtu. Mimi nilishatoa elfu kumi na tano kwa "kifurushi cha maazimio na maandalio ya mwaka mzima", nikapokea folda ya vitu vya bure vilivyobadilishwa jina la juu, kwenye andalio la tatu jina la shule ya mwenye nalo lilikuwa bado halijafutwa. Na ukitumiwa kitu kinachoitwa mtihani wenyewe kabla ya siku ya mtihani, hicho sio rasilimali, futa, usisambaze hata kwa utani, toa taarifa kwa mkuu wako wa shule. Hapo tumetoka kwenye mambo ya kutafuta tumeingia kwenye kesi.

Dalili: umepata, umefundisha, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) anasema ni ya zamani

Hii inauma kwa sababu umeshaandaa kila kitu. Sababu karibu zote ni moja, umechukua faili ambalo limeachwa mtandaoni na hakuna aliyelitoa. Tanzania mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024, ukianzia awali na darasa la kwanza na la tatu, wengine wanafuata, maana yake shule moja inaweza kuwa na darasa linalotumia mpya na linalofuata linatumia wa zamani, na Google haijui wewe uko darasa lipi. Kenya vilevile, KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023 lakini vifaa vyake bado vimejaa kila kona.

Angalia ukurasa wa pili wa faili, pale penye jina la mchapishaji na mwaka. Usiamini jina la faili, nimeona "muhtasari_mpya_2024" ndani ni wa 2005. Kama ukurasa huo haupo, mtu ameunyofoa, basi hilo faili liache. Ukiwa bado na mashaka usiulize kwenye grupu, utapata majibu kumi yanayopingana, muulize mwalimu wako wa taaluma au mthibiti ubora mwenyewe kabla hajaja, hatakufukuza.

Dalili: makala ndiyo hiyohiyo unayoitaka, ukifungua inataka dola 40

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na mara nyingi makala ipo bure mahali pengine.

Cha kwanza, nakili kichwa chote cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu, kitupe kwenye Google Scholar, ile Google ya makala za kitaaluma. Ukikipata angalia mkono wa kulia kama kuna neno PDF. Hakuna? Angalia chini ya muhtasari, kuna linki ya matoleo yote, fungua. Kinachotokea ni kwamba mchapishaji amefunga toleo lake lililopangwa kurasa, lakini mwandishi ameruhusiwa kuweka rasimu iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo chake. Maneno ni yaleyale, ila namba za kurasa hazifanani, kwa hiyo ukinukuu moja kwa moja kuwa makini na ukurasa unaoandika. Kama una laptopu sakinisha Unpaywall, kiongezo cha kutafuta nakala za bure, kwenye kivinjari, ukiwa kwenye ukurasa wa makala inakuwekea alama ya kufuli pembeni, ikiwa ya kijani gusa, imekupata.

Ukiwa ERIC angalia herufi mbili za mwanzo za namba. ED ni ripoti, karatasi za makongamano na vitu kama hivyo, nyingi unasoma zote palepale. EJ ni makala za majarida, hizo mara nyingi ni muhtasari tu. Kuna kisanduku cha kuchagua zenye maandishi kamili pekee, kiweke alama mapema usije ukapenda kitu usichoweza kukipata. JSTOR, hifadhi kubwa ya majarida, nao ukifungua akaunti yako binafsi, bure, wanakuruhusu kusoma mpaka makala 100 kwa mwezi palepale mtandaoni, kupakua ndio hawaruhusu kwa akaunti hiyo. Majarida ya Afrika yako AJOL, walianza 1998 na sasa wapo Afrika Kusini, ila mle ndani sio yote yako wazi, mengine yanalipiwa, angalia alama yake kabla hujachukia. DOAJ yenyewe ni saraka ya majarida yaliyo wazi pekee, ukitafutia humo hukutani na malipo.

Sababu ya pili inayojificha: chuo chako kimeshalipia, ila wewe uko nyumbani. Mchapishaji anakutambua kwa mtandao wa chuo, ukiwa kwako kwa bando lako anakuona mpita njia. Ingia mipangilio ya Google Scholar, sehemu ya linki za maktaba, tafuta jina la chuo chako uliweke alama. Halafu nenda kaulize maktaba namna ya kuingia ukiwa mbali. Nakwambia nenda, kwa miguu. Watu wanamaliza masters hawajawahi kuongea na mkutubi, wakati mkutubi ndiye mwenye paswedi ya Research4Life, mpango ulioanza 2002 wa kuzipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei ndogo. Wewe binafsi huwezi kujisajili kule, anayesajiliwa ni taasisi, kwa hiyo usipoteze jioni yako kujaza fomu.

Sababu ya tatu, makala ni mpya na imefungwa kwa muda, mara nyingi miezi 12 hadi 24, baada ya hapo rasimu inaachiwa. Na ya mwisho, kweli imefungwa kila kona. Mwandikie mwandishi. Imeili yake ipo kwenye ukurasa uleule wa mwanzo. Sentensi tatu zinatosha: mimi ni nani, natafiti nini, naomba nakala. Zile dola 40 yeye hapati hata senti, na anafurahi kuona kuna mtu huku anataka kumsoma. Mimi nilimwandikia mama mmoja profesa wa Ulaya, alinijibu siku ileile na makala mbili zaidi ambazo sikuzijua na swali kuhusu data zangu.

Simama hapa: usitumie paswedi ya rafiki aliyeko chuo kingine, na ukiwa na ruhusa halali usipakue makala mia kwa usiku mmoja. Wachapishaji wana mitambo inayoona upakuaji wa namna hiyo, wanafunga mtandao wa chuo kizima, na kesho yake kila mtu anamtafuta aliyefanya. Ikikutokea usijaribu kurekebisha mwenyewe, mwambie mkutubi ukweli, yeye ndiye anayeweza kuongea nao.

Dalili: faili limeshuka, halifunguki

Angalia ukubwa kabla ya kulaumu simu. Juzi nimetumiwa skrinishoti, "muhtasari_fizikia_FINAL_final.pdf", KB 14. Kitabu cha kurasa 90 hakiwezi kuwa KB 14. Hilo sio faili lililoharibika, ni ukurasa wa kuingilia na paswedi uliovishwa jina la pdf: tovuti ilitaka ujisajili, wewe ukabonyeza pakua, ikakupa ule ukurasa. Badilisha mwisho wa jina uwe .html ufungue na kivinjari utauona. Dawa ni kurudi, kujisajili, kupakua upya.

Ukubwa ukiwa wa maana, basi labda lilikatika njiani, linganisha na ukubwa ulioandikwa kwenye tovuti. La tatu ni aina ya faili. EPUB inataka programu ya kusomea vitabu, ZIM inataka programu ya Kiwix, huwezi kuifungua na kisoma PDF hata ukilia. Lingine linalofunguka vizuri lakini huwezi kutafuta neno ndani yake ni kwa sababu ni picha za kurasa zilizoskaniwa, hapo hakuna tatizo la simu, ndivyo lilivyo.

Sasa kama tatizo lako la kweli ni bando, acha kupakua kimoja kimoja. Pakua mara moja, tumieni wote. Kiwix inabeba Wikipedia nzima bila intaneti. Ya Kiingereza yenye picha inapita GB 90 kwa hiyo hiyo iache kama huna diski kubwa, lakini ya Kiswahili ni ndogo na zipo za mada mojamoja. Programu ya Kolibri ndiyo naipenda zaidi, unaiweka kwenye laptopu moja ya shule, unashusha masomo ya Khan Academy au hadithi za African Storybook au majaribio ya PhET mara moja mahali penye intaneti nzuri, halafu wanafunzi wanaunganisha simu au tableti kwenye mtandao wa ndani wa ile laptopu, hakuna bando linaloliwa hata kidogo. Shuleni kwetu tuliianzisha na rauta ya zamani ambayo mtu alikuwa anataka kuitupa.

Usifungue kabisa: faili linalojiita kitabu lakini linaishia .exe au .apk. Windows huwa inaficha mwisho wa jina, kwa hiyo "notes.pdf" inaweza kuwa "notes.pdf.exe", washa kuonyesha jina kamili. Na Word ikikuomba uruhusu makro, yaani vijiprogramu vilivyofichwa ndani ya faili, kwenye faili la maandalio, kataa, andalio la somo halihitaji makro. Umeshafungua? Usichomeke flashi yako kwenye kompyuta ya ofisi yenye matokeo ya wanafunzi, mwite fundi wa kompyuta kwanza.

Dalili: linki imekufa, au jaribio halichezi

Tovuti za serikali zikibadilishwa sura, mafaili yanahamishwa na linki za zamani zote zinakufa. Faili lipo, anwani ndiyo imebadilika. Chukua jina la waraka lenyewe, tafuta kwa ile site: ya juu. Ikishindikana nenda web.archive.org ubandike ile linki iliyokufa, mara nyingi kuna nakala waliyoihifadhi.

Yale majaribio ya fizikia na kemia ya zamani yanayoleta kiboksi cheupe yalitengenezwa kwa Flash, programu ya Adobe, na wenyewe waliiacha 31 Desemba 2020. Usitafute Flash ya kusakinisha, utakachopata ni virusi. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado wamebadilisha mengi yanacheza kwenye kivinjari cha kawaida hata cha simu, unaweza kulishusha jaribio ukalichezesha bila intaneti, na mengine yametafsiriwa Kiswahili.

Dalili: msimamizi anasema "hii rejea sijaiona popote"

Sababu inayoongoza siku hizi ni moja na kila mtu anaijua ila hasemi, umeiomba kwa roboti la kuandika, zile AI. Linakupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoingia akilini, hata namba za kurasa, isipokuwa makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu. Inafanana na kweli kiasi kwamba ukiisoma tu huwezi kuona. Kuna namna tatu za kuhakiki na zote ni za haraka. Chukua DOI, ile namba ya utambulisho ya makala, ubandike baada ya https://doi.org/ uone inakupeleka wapi, kama ni kwenye makala ya ugonjwa wa ng'ombe umeshapata jibu. Hakuna DOI? Kichwa ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar. Bado? Fungua tovuti ya jarida, nenda toleo na mwaka huo, soma yaliyomo. Isipokuwepo hapo, ifute hata kama inakuunga mkono vizuri. Hasa hiyo.

Sababu ya pili ilinipata mwenyewe na haina uhusiano na roboti. Niliwasilisha semina nikaweka ile piramidi, mnaijua, kwamba mwanafunzi anakumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, mpaka 90 ya anachofundisha mwenzake. Nimeiona chuo cha ualimu, nimeiona kwenye mafunzo kazini, ipo ukutani kwenye ofisi nyingi tu. Msimamizi akauliza kwa upole, "Hizi namba zilipimwa wapi, na nani?" Nikaanza kurudi nyuma, kitabu kinanukuu kitabu kinachonukuu kitabu, mwisho nikafika kwa mwanaelimu Edgar Dale na mchoro wake wa koni wa 1946, nikakuta hakuna asilimia hata moja, namba watu waliziongeza baadaye. Ilikuwa aibu ya kimya, wenzangu wote waliokuwa kwenye kile chumba walikuwa nayo kwenye slaidi zao. Mitindo ya kujifunza ndiyo hivyohivyo, kwamba huyu ni wa kuona na huyu ni wa kusikia. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia ushahidi 2008 wakakuta hautoshi kupanga ufundishaji kwa namna hiyo, lakini ukitafuta mtandaoni utaletewa vifaa vyake vingi ajabu. Kwa hiyo ukiona namba nzuri za kumikumi na chini yake hakuna mahali ilipotoka, rudi nyuma mpaka umkute aliyepima. Usipomkuta, usiinukuu.

Nadra zaidi, makala ilikuwepo na imefutwa na jarida lenyewe. Orodha ya zilizofutwa inatunzwa na Retraction Watch, tangu 2023 data zake ziko Crossref, shirika linalosajili DOI, na ziko wazi kwa kila mtu.

Kama rejea bandia imeshaingia kwenye kazi uliyokabidhi, usijaribu kubadilisha faili kimyakimya. Mpigie msimamizi leo. Akiambiwa na wewe ni kosa, akiambiwa na mtahini wa nje ni kitu kingine kabisa.

Dalili: takwimu mbili za kitu kimoja, hazifanani

Kabla ya kusema serikali inadanganya, angalia aina ya kiwango. Uandikishaji wa jumla unahesabu kila aliyeko darasani hata kama umri umezidi, ndiyo maana unaweza kupita asilimia 100. Uandikishaji halisi unahesabu wenye umri wa darasa hilo tu. Ukichanganya hizo mbili kwenye jedwali moja umeshaharibu. Halafu angalia mwaka, na kama ni Tanzania bara au na Zanzibar. Kwa bara chanzo ni BEST, ile takwimu ya elimumsingi inayotolewa na TAMISEMI, kwa kulinganisha nchi ni taasisi ya takwimu ya UNESCO, na kwa watoto kujua kusoma na kuhesabu kuna mpango unaoitwa Uwezo, hawa walipima watoto nyumbani kwao na sio shuleni, kwa hiyo matokeo yao kutofautiana na ya mitihani sio ajabu. Bado hazikai? Mtafute mtakwimu, msimamizi wa elimu sio lazima ajue hii.

Dalili: jarida limekubali makala yako kwa siku tatu

Hongera usiitoe bado. Umepokea imeili inakuita profesa mashuhuri, wamesoma kazi yako "kwa shauku", wanachapisha elimu na uhandisi na udaktari wa meno humohumo, na malipo ni ndani ya saa 48. Mapitio ya kweli ya kitaalamu hayaishi kwa siku tatu.

Hakiki kwanza kama jarida lipo DOAJ. Kutokuwepo hakumaanishi ni matapeli, majarida mazuri ya kwetu mengine hayapo, ila kuwepo kunasaidia. Chukua majina mawili ya wahariri uyatafute kwenye tovuti za vyuo vyao, kuna wahariri ambao hawajui kama ni wahariri. Fungua matoleo ya nyuma usome makala moja, moja tu, kama ina makosa ambayo mwanafunzi wako wa kidato cha pili angeyaona, basi. Ile orodha ya majarida ya kitapeli ya mkutubi Jeffrey Beall ambayo kila mtu anaitaja mwenyewe aliitoa Januari 2017, nakala zinazozunguka zinatunzwa na wengine, usiifanye msahafu. Maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit. yanatosha kukuongoza, ni ukurasa mmoja.

Kama hujalipa, andika imeili ya kuondoa makala, hifadhi nakala, usitume tena chochote. Kama umelipa, pesa hairudi mara nyingi, na wataanza kudai nyingine ya "kuondoa". Hiyo usitoe. Chukua imeili zote, risiti, na ile fomu ya haki miliki kama ulisaini, peleka kurugenzi ya utafiti ya chuo chako kabla hujaipeleka makala hiyohiyo kwenye jarida lingine, kwa sababu ikitokea kote kuwili wewe ndiye utakayeulizwa.